Chuo Kikuu na Panya wa Shambani

Ndugu mkulima wa Kilwa na Lindi, jana umepanda mahindi, leo unakuta vishimo vitupu. Panya wamefukua mbegu. Utapanda tena, lakini mvua haikungoji.

Sasa chuo kikuu kinakuhusu nini? Sikiliza. Mwaka 1965 kilifunguliwa chuo cha kilimo Morogoro. Mwaka 1969 kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam. Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili mwaka huohuo.

Wataalamu wa chuo hicho, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliwachunguza panya wa Morogoro kwa miaka mingi. Waliona kwamba mvua zikinyesha nyingi Novemba na Desemba, panya huwahi kuzaana, na msimu wa kupanda unaofuata huwa tele.

Basi nawe ziangalie mvua za kwenu. Zikizidi mapema, jiandae: fyeka vichaka kandokando ya shamba, na utege mitego kabla ya kupanda. Tegeni pamoja na majirani. Ukitega peke yako, panya wa jirani watahamia kwako.