Konkaseri ihame, lakini ihamie wapi?



Tangu wiki mbili kuna karatasi inatembea nyumba kwa nyumba kwenye kartye yetu hapa Goma. Inaomba konkaseri, ile mashine ya kusaga mawe na kutoa graviye, itoke katikati ya makao ya watu. Wengi wamesinye. Wengine wamekataa: mmoja anaogopa kufuatwa na wakubwa, mwingine mtoto wake anafanya kazi pale pale. Vijana kadhaa wameniuliza, kwa sababu niko na lisansi ya agronomia: vumbi ya mawe inafanya nini kweli? Na sheria inasema nini?

Nasema wazi, mimi nimesinye. Lakini napenda tujue tunasinye nini. Petisyo inayosema tu "ondoeni" inalala upesi kwenye kabati ya byuro. Ile inayosema "ondoeni, na hii ndiyo njia" inasumbua zaidi kuitupa.

Kwanza, graviye si adui. Goma imejengwa juu ya lava. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilimwaga lava mpaka katikati ya muji. Tarehe 22 Mei 2021 ikamwaga tena, ikafunika nyumba nyingi upande wa Buhene, na ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wanajenga, wanajenga tena, na kila dale na kila nguzo inaomba graviye. Akina mama wanaopiga mawe na nyundo kando ya barabara hawawezi kutosheleza muji mzima. Konkaseri inatafuna jiwe kati ya taya mbili za chuma, mkanda unapandisha vipande, chungio linavitenga: 5/15 huku, 15/25 kule, na unga unabaki chini. Shida yetu inaanza na ule unga.

Vumbi inatoka fasi nne: pale jiwe linapovunjika, pale mkanda unapoangusha vipande, kwenye malundo yanayopigwa na upepo, na kwenye njia ya kamyo. Chembe kubwa zinaanguka karibu, ndizo unaona juu ya mabati. Zile zinazotuumiza zaidi hatuzioni. Chembe iliyo chini ya mikroni 10 ni ndogo mara saba hivi kuliko unene wa unywele, na inapita puani kuingia kifuani. Ndogo zaidi, chini ya mikroni 2.5, zinafika mwisho kabisa wa mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linaomba chembe za chini ya mikroni 10 zisizidi mikrogramu 45 katika metre moja ya ujazo ya hewa kwa muda wa saa 24. Muji wetu tayari uko na moshi wa makala, vumbi ya barabara na gesi ya volkano. Konkaseri inaongeza juu ya hayo yote.

Hapa tuwe wakweli, juu nimesikia watu wanasema kila vumbi ya mawe inaleta silikosi. Silikosi inaletwa na silika ya fuwele, ile ya jiwe la kwartzi. Silika hiyo iliwekwa mwaka 1997 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani ukiivuta kwa muda mrefu. Mawe ya granite na kwartziti yako nayo nyingi. Lava ya Nyiragongo ni maskini sana kwa silika, ndiyo maana inatiririka kama maji. Kwa hiyo kwenye petisyo yetu tusiandike silikosi. Tuandike kikohozi, pumu inayoamshwa, macho mekundu, watoto na wazee wanaokosa pumzi. Hayo yanatosha, na hakuna mjuzi wa konkaseri atakayetuaibisha mbele ya meri.

Sasa upande wangu, mimea. Jani linakula mwanga na linapumua kwa vitundu vidogo. Vumbi ikilala juu yake, mwanga unapungua, vitundu vinazibwa, jani linapata joto, na mavuno yanashuka. Lengalenga yenye majani mapana inateseka mbele ya zingine. Mama mmoja jirani aliniambia: "Mwanangu, sombe ninaiosha mara tatu, na bado mchanga iko mu meno."

Kuna wanaojibu kwamba unga wa lava ni mbolea. Ndani yake kuna ukweli. Lava iko na potasiamu, kalsiamu na fosforasi, na udongo wa volkano ndio unalisha Masisi na Rutshuru. Lakini jiwe linatoa chakula chake polepole, likiwa ndani ya udongo, pamoja na maji na mizizi. Juu ya jani ni blanketi tu. Ndani ya pafu ni jeraha. Yule anayetaka kutugawia mbolea aitie kwenye gunia, tutaenda kuichukua.

Halafu maji. Kartye nyingi za juu hazina robine, na hakuna mto unaopita muji. Tunakinga mvua toka bati mpaka tanki. Vumbi ya mwezi mzima wa jua inaoshwa na mvua ya kwanza na kuingia kwenye maji ya kunywa. Wakati tunasubiri, fanya hivi: mvua ya kwanza iache imwagike inje dakika kumi hivi, ndipo ufungulie tanki. Funga kitambaa safi kwenye mdomo wa tuyo, na kioshe mara kwa mara.

Watu wanauliza: kwa nini wasimwagie maji mawe, wafunike mkanda, wapande miti? Hizo ni njia za kweli, na popote mashine itaenda tuziombe. Lakini hapa kumwagia maji mashine siku nzima ni kutumia yale maji ambayo mabidoni yanayapangia mstari. Miti inahitaji miaka. Na kelele haifunikwi na maji. Katika uwanja wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka desibeli 6 hivi. Toka metre 60 mpaka 120 unapata nafuu kidogo. Toka 60 mpaka 480, desibeli 18 zimeondoka, na mwalimu anaweza kufundisha bila kulia. Umbali ni dawa isiyoomba mazutu wala maji. Ndiyo maana tunaomba kuhamisha.

Tuje kwa sheria, juu wengi wanafikiri tunaomba huruma. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na tena inampa wajibu wa kuyatetea. Sheria nambari 11/009 ya 9 Julai 2011 juu ya mazingira inaomba uchunguzi wa athari kabla mradi wa namna hii kuanza, na inaomba watu wa fasi ile waulizwe. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inahusu pia kariyeri za mawe. Kifungu chake cha 279 kinasema mwenye haki ya kariyeri hawezi kukalia ardhi iliyo chini ya metre 180 toka nyumba, ao chini ya metre 45 toka shamba linalolimwa, bila ruhusa ya mwenyewe ao ya yule anayeikaa kisheria.

Soma mwisho ule mara mbili: bila ruhusa. Kama baba yako alisinye karatasi ya kukubali kwa bei ya mifuko kumi ya simenti, jambo linabadilika. Tafuteni karatasi hizo kabla ya upande mwingine kuzitoa. Na wekeni kopi za fishi ya parseli pamoja, juu swali la kwanza litakuwa: "Wewe unakaa hapa kwa haki gani?"

Mimi nilichukua dekametre na vijana wawili. Toka uzio wa konkaseri mpaka ukuta wa nyumba ya kwanza tulipata metre 62. Namba ile ilituliza mabishano ya siku nyingi. Kama uko na shida kama yetu, anza na kupima.

Mwenye mashine yuko na neno lake: "Mimi nilikuja wa kwanza, hapa palikuwa mawe matupu." Kwa fasi nyingi za Goma ni kweli, nyumba zilifuata mashine. Neno hilo lina uzito tukizungumza gharama: kama Leta iligawa parseli hadi mlangoni mwa konkaseri, basi Leta ibebe sehemu ya mzigo wa kuhama. Lakini pafu la mtoto wa miaka mitatu halijui nani alikuja wa kwanza.

Sasa swali gumu: ihamie wapi? Tuangalie ramani. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Kaskazini, ukipita vijiji vya teritware ya Nyiragongo, unagonga Parki ya Virunga, fasi iliyolindwa tangu 1925, na kariyeri haina haki kuingia humo. Inabaki magharibi, na pale kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni upepo. Moshi wa Nyiragongo mara nyingi unaenda magharibi, na watu wa Rusayo tayari wanakinga mvua yenye fluori nyingi inayoharibu meno ya watoto. Tukiwapelekea vumbi juu ya ile, tutakuwa tumehamisha ugonjwa tu.

La pili ni mazuku, ile gesi nzito inayolala kwenye mashimo na kuua mtu ao mbuzi bila harufu. Iko fasi nyingi kati ya Goma na Sake. Konkaseri inafuata jiwe chini, na mfanyakazi anashuka shimoni asubuhi. Bila kupima gesi, kupeleka watu kule ni kuwapeleka kaburini.

La tatu ni mashamba. Kipande cha lava mpya ambacho bado hakioti kitu kinafaa kuliko shamba la maharagi. Lava ya kale yenye udongo juu yake ilihitaji miaka mingi sana kufika pale. Tusiisage kwa siku moja.

Kwa hiyo fasi nzuri ni ile iliyo mbali na nyumba kwa metre mamia, yenye lava kavu, iliyopimwa gesi, yenye njia ya kamyo isiyopita mbele ya shule. Na watu wa karibu na pale waulizwe kama sisi tulivyotaka kuulizwa. Wakikataa, hapana ni hapana yao pia. Tukiomba mashine itoke kwetu, tuko na deni ya kusimama na wale inaowafikia.

Na kazi? Kuna vijana wanaolipwa kwa siku pale, madereva wa kamyo, na akina mama wanaouza chakula. Wao ni majirani, si maadui. Wao ndio wanameza vumbi mbele yetu sote, na wengi bila kitambaa puani. Tuandike kwenye petisyo: kuhamisha bila kufukuza, usafiri wa asubuhi na jioni kwa wafanyakazi wa sasa, na maski za kweli. Mkiandika hivyo, na wao watasinye. Ule usiku nilipomsomea kijana mmoja wa konkaseri mistari hiyo, alichukua biki bila kusema neno.

Mwisho, petisyo yenyewe. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu alianzisha ombi kama lile. Wanaoogopa kusinye, wasomeeni kifungu hicho.

Andikeni kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa wa kwanza: fasi, umbali uliopimwa, saa za kelele, idadi ya nyumba, vifungu vya sheria. Ukurasa wa pili: maombi. Sisi tumeweka manne: kuonyeshwa uchunguzi wa athari, kupewa tarehe ya kuhama, kukubaliana juu ya fasi mpya, na kulinda kazi. Mpaka siku ya kuhama, mashine isizunguke usiku wala saa za masomo. Majina na avenyi yafuate nyuma. Pelekeni kwa meri, na kopi kwa burgumestri, kwa divizyo ya madini na kwa ile ya mazingira. Msitoke byuro bila kopi yenu kupigwa kashe na tarehe. Miezi mitatu inahesabiwa toka kashe ile.

Yetu itaenda wiki ijayo. Msomi wa sheria anayeweza kuipitia kabla, aniandikie. Msomi wa jeolojia aliye na kifaa cha kupima gesi, tunamhitaji zaidi. Na wewe unayesoma ukiwa Bukavu, Butembo ao Bunia, na kelele kama hii iko nyuma ya nyumba yenu: kesho azima dekametre.