Doa Dogo la Mafuta, Safari Ndefu ya Kitwitwi

Kuanzia mwezi wa Agosti, kwenye mawe ya ufuko wa ziwa huko Ibanda, mjini Bukavu, upande wa Nguba na Muhumba, huonekana ndege mdogo mwenye mgongo wa kahawia na tumbo jeupe. Hatulii. Akisimama, mkia unapanda na kushuka. Akishtuka, huruka chini chini akikaribia kugusa maji. Huyo ni kitwitwi. Huzaliwa Ulaya au Asia, akaja kukaa kwenye maziwa yetu wakati kwao kuna baridi, na Machi au Aprili hurudi kaskazini kutaga.

Safari hiyo haiendwi kwa mkupuo mmoja. Kitwitwi na jamaa zake hutua njiani, kwenye matope ya pwani na kingo za maziwa, ili wale minyoo, wadudu na kaa wadogo mpaka wanenepe. Unene huo ndio nguvu ya kurukia. Kituo kikichafuka, ndege huondoka na njaa, au hasafiri kabisa.

Januari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mafuta ghafi ya Kuwait yalimwagwa baharini yakachafua zaidi ya kilomita 600 za pwani ya Saudia. Ghuba ile ni kituo kikubwa cha ndege wanaosafiri kati ya Asia na Afrika Mashariki. Mawimbi yalisafisha sehemu za wazi, lakini matopeni hali ilikuwa nyingine. Kaa huchimba mashimo. Mafuta yakateremka ndani ya mashimo hayo, mbali na hewa na jua, yakabaki. Watafiti waliochimba zaidi ya miaka kumi baadaye waliyakuta bado.

Lakini si lazima meli nzima imwagike. Unyoya umefumwa kwa vijinywele vinavyoshikana kwa ndoano ndogo mno. Mafuta huvigandisha pamoja: maji yanapenya, joto linatoka, na bawa halikamati upepo vizuri. Mwaka 2017 watafiti nchini Kanada walichapisha matokeo ya kuwarusha vitwitwi wa Marekani ndani ya njia ya upepo wa mashine. Waliopakwa mafuta kidogo tu mabawani na mkiani walitumia nguvu zaidi kwa asilimia 22. Waliopakwa zaidi kidogo, asilimia 45. Fikiria mzigo huo juu ya ndege wa gramu 50 hivi, mwenye Sahara mbele yake. Tena akijisafisha kwa mdomo huyameza mafuta hayo, na sumu yake hushambulia chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa anayohitaji angani.

Na kwetu je? Julai 2022 serikali mjini Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli, ukafutwa Oktoba 2024. Bukavu yenyewe haina kisima cha mafuta. Lakini ina boti za Goma, pikipiki, jenereta, na mvua inayokokota uchafu wa barabarani hadi ziwani. Rangi za upinde wa mvua zinazotandaa majini kando ya boti ni mazuti, na hufika kwenye yale yale mawe ambapo kitwitwi huokota wadudu.

Kuzuia hayo kunawezekana hapa hapa. Fundi anayebadilisha oili ya injini anaweza kuikinga kwenye bidoni badala ya kuimwaga mferejini. Maseremala wengi huitaka kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Boti inayotiwa mazuti kwa mpira mzuri na faneli haidondoshi. Kazi hiyo ifanywe kabla ya Machi, vitwitwi wanapojinenepesha kuondoka.