Gitare ya mkono ulioumia: namna ya kuitengenezesha hapa Bunia

Kuna gitare moja isiyouliza vidole vya mkono wa kushoto. Havibonyezi uzi hata mara moja. Mwenye kuipiga anaikaa kwenye kiti, anailaza juu ya mapaja yake sawa mama anayechagua mchele katika sinia. Mkono mmoja unachuna nyuzi, mwingine unateleza juu yake na kipande cha chuma laini. Ndiyo ile wazee waliita gitare ya Hawaii. Tunaileta kwenye ukurasa huu sababu tunajua kama kwenye makambi yetu, Mongbwalu, Nizi, Bambu ao kule Mambasa, kuna nyumba zenye gitare iliyotundikwa ukutani tangu siku jiwe lilipoanguka ndani ya shimo.

Yaya tuliyemfuata kwa ajili ya habari hii alipiga gitare katika kwaya ya kanisa kabla hajashuka shimoni. Jina lake tunaliacha, yeye mwenyewe aliomba hivyo. Mkono wake wa kushoto ulibakia na kidole gumba, cha shahada, na nusu ya kile cha katikati. Daktari alifanya kazi yake vizuri, kidonda kilikauka, na mkubwa wa shimo, ule munaita PDG, alitoa kidogo cha dawa kisha akanyamaza. Yaya akarudia biashara ya makala na mke wake. Gitare ikabakia ukutani. Tulipomwonyesha picha ya mtu anayepiga gitare ya mapaja, aliangalia wakati murefu, akauliza: "Sasa hapa vidole vinafanya kazi gani?" Tukamjibu: vinashika chuma tu. Akasema: "Basi hivi viwili vinatosha."

Mutu asifikiri ni kitu cha Wazungu kilicholetwa jana. Mwanzo wake ni kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kijana wa kule, Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa mtindo huu. Inasemekana alianza kuteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi akiwa bado mwanafunzi. Kutoka kule, muziki ulifika Marekani, ukaingia ndani ya sahani za santuri, na santuri zikafika paka Léopoldville. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Zacharie Elenga, yule waliyemuita Jhimmy, alirekodi kwa nyumba ya Opika na sauti yake ya gitare ikapewa jina la Hawaii. Kisha Docteur Nico Kasanda wa African Fiesta, ambaye kila mpiga solo wa Kongo bado anamuinamia, naye aliiweka gitare ya Hawaii katika nyimbo zake. Kwa hiyo masikio ya baba zetu yaliizoea. Siye ndiyo tumeisahau.

Na ikiwa kuna mutu anayesema hapa hakuna anayeweza kutengeneza chombo cha namna hii, tumwambie aangalie jirani zetu Waalur wa Mahagi na adungu zao: wanachonga kinubi, wanakaza ngozi, wanapanga nyuzi kutoka ndogo mpaka kubwa, na hawajangojea fundi kutoka Ulaya. Kinshasa, katika Lemba, fundi anayejulikana kwa jina la Socklo amekuwa akitengeneza gitare kwa mikono yake miaka mingi. Mzee Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alichukua sumaku za vyuma vya magari ya zamani, akazigeuza mikro za likembe, na mwaka 2004 sahani yao ikatoka na kuzunguka dunia nzima. Lakini gitare ya mapaja iko rahisi kuliko hizi zote. Haina sanduku. Haina shingo nyembamba ya kupinda. Ni ubao mmoja mzito, nyuzi sita, mafunguo sita ya kukaza, na vidaraja viwili. Fundi wa mbao anayejua kutengeneza mlango unaofunga vizuri anaweza kuitengeneza.

Kabla hamjatoa feza, lakini, fanyeni jaribio hili. Teremsheni ile gitare ya ukutani. Chini ya nyuzi, pale zinapoanza karibu na kichwa, ingizeni kipande cha mfupa ao cha chuma chenye kuziinua karibu milimita nane juu ya shingo. Legezeni nyuzi ziseme, kutoka ile kubwa mpaka ndogo: re, la, re, fa diezi, la, re. Hakuna uzi hata mmoja unaopanda juu, ine zinashuka na mbili zinabaki pale pale, kwa hiyo shingo haitavunjika. Ilazeni juu ya mapaja, telezeni na kitu cha chuma kilicho laini na kizito. Kama baada ya wiki mbili mwenye mkono angali anaishika kila mangaribi, basi mwende kwa fundi. Kama ameirudisha ukutani, hamukupoteza kitu. Yaya wetu alikaa nayo mpaka mke wake akaificha ili watoto walale.

Fundi tuliyemwendea yuko upande wa Mudzipela, anatengeneza vitanda na viti vya kanisa. Neno lake la kwanza lilitupendeza. Hakuuliza mbao, aliuliza mkono. Akamwambia yaya aweke mkono juu ya karatasi, akauchora kwa kalamu ya seremala, kisha akamkalisha kwenye kiti na kupima kutoka goti mpaka goti. Hapo ndipo gitare ya kutengenezesha inapopita ile ya dukani. Kwa sababu yaya anashika chuma na vidole viwili na nusu, nafasi kati ya uzi na uzi iliwekwa sentimita moja nzima, ili chuma kikitikisika kidogo kisiguse vibaya na vidole vya kuume vipate njia. Mgongo pia unamuuma, deni lingine la shimo, kwa hiyo fundi alipanga matundu manne chini ya ubao, ya kuingiza miguu kama ya meza. Ingekuwa mkono wa kuume ndio ulioumia, kazi ingekuwa nyepesi vilevile: gitare hii inafanana pande zote mbili, inatosha kuigeuza na kupanga nyuzi upande mwingine.

Mbao ilitupa kazi kuliko tulivyofikiri. Kila siku makamyoni yanapita Komanda na mbao za Mambasa, libuyu na mvule, kuelekea Mahagi ao Kasindi, na kutoka kule zinavuka mupaka. Ndugu ya hiyo libuyu, ile wafanyabiashara wanaita sapelli, mafundi wa gitare wa Ulaya na Marekani wanaitafuta sana. Yaani mti unatoka kwetu ukiwa ubao, na unarudi dukani ukiwa gitare ya bei ambayo hakuna mtu wa kambi anayeweza. Tulidhani basi kupata kipande cha sentimita themanini ni neno la asubuhi moja. Muuzaji mmoja sokoni aliapa kwamba ubao wake umekauka "tangu mwaka jana". Baada ya siku tisa kwenye karakana ulikuwa umejipinda kama ndizi. Mafundi wanahesabu hivi: mbao ikikaushwa kwa upepo tu, inahitaji karibu mwaka mzima kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ubao wetu ulikuwa wa nne na nusu. Fundi akacheka, akaingia nyuma ya karakana, akatoa mguu wa meza ya zamani ya mvule, mzito, mkavu, wenye alama za misumari. "Hii ilisha kulia machozi yake yote," akasema. Tunawashauri mufanye vivyo hivyo: fremu ya mlango wa nyumba iliyobomolewa, ubao wa kitanda cha babu. Mbao ya zamani haidanganyi.

Mtu mmoja alituuliza kwa nini tusiende kwa wale wanaoyeyusha vyuma vya injini za zamani kuwa sufuria. Swali halikuwa la kijinga hata kidogo. Gitare ya kwanza ya umeme kufanikiwa sokoni duniani ilikuwa ya namna hii hii ya mapaja, ilitengenezwa Los Angeles kuanzia miaka ya 1931 na 1932, na ilimiminwa kwa aliminiamu. Kwa umbo lake watu waliipa jina la kikaango. Lakini aliminiamu inatanuka ikipata joto, na nyuzi zinapotea sauti. Chini ya mabati ya kanisa saa saba mchana, hapana. Tulibaki na mvule.

Sasa vipimo, kwa wale watakaopeleka ukurasa huu kwa fundi wao. Urefu wa ubao sentimita 80, upana 10, unene 4.5. Kutoka kidaraja cha juu mpaka cha chini, sentimita 57. Vidaraja ni vya chuma, na nyuzi ziko juu ya mbao kwa sentimita moja hivi. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta pamoja kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi, mfuko wa simenti mzima. Ndiyo maana ubao uwe mzito, na kidaraja cha chini kifungwe na vis zinazoingia ndani sana, si gundi peke yake. Mistari ya noti haina vyuma. Inachorwa tu, ao inachomwa na msumari wa moto. Ya kwanza inapatikana hivi: gawanya 57 kwa 17.817, utapata sentimita 3.2. Kinachobaki, 53.8, gawanya tena kwa 17.817, utapata 3, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukifika mstari wa kumi na mbili lazima uwe katikati kabisa, 28.5. Kama hauko pale, umekosea mahali, anza upya. Wa tano uko kwenye 14.3 na wa saba kwenye 19. Hii mitatu ndiyo mutatumia kila siku, fundi aichome kwa nguvu zaidi.

Nyuzi: wengi wetu tulijifunzia kwenye nyaya za breki ya kinga, na kwa mtoto anayeanza si dhambi. Lakini waya za breki zina unene mmoja, na hapa kila uzi unataka unene wake, kwa hiyo nunueni pakiti ya kweli. Mikro pia, kama munataka umeme: ndani yake ni sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa mara elfu kadhaa. Fundi wa radio mwenye subira anaweza, lakini wengi wanakata waya katikati na kuanza upya. Sisi tulitoa mikro kwenye gitare ya umeme iliyovunjika. Inaimba kwenye ampli ndogo ya betri, na hiyo ni muhimu, sababu umeme wa kwetu munaujua.

Kitu tulichokipenda kuliko vyote ni chuma cha kuteleza. Madukani hakuna. Kinatakiwa kiwe cha mviringo, kizito, kigumu, laini sawa kioo, karibu sentimita mbili za upana na saba ao nane za urefu. Mekanisiani mmoja wa mashine za kusaga mawe alisikiliza maelezo yetu, akaingiza mkono ndani ya sanduku lake na kutoa axe ya pistoni ya injini ya mazuti. Ilikuwa ile ile. Imenolewa kiwandani, haina mkwaruzo, na imekwisha fanya kazi ngumu kuliko muziki. Fundi viatu akashona mkanda wa ngozi unaoifunga kwenye mkono wa yaya, na nyuma yake akaacha ulimi mdogo wa ngozi unaoburuta juu ya nyuzi. Ulimi huo si urembo. Mpigaji mwenye vidole vyote anaburuta vile vya mwisho nyuma ya chuma ili kunyamazisha kelele. Yaya hana vile vya mwisho. Ngozi inavifanyia kazi.

Tulikaza nyuzi kwa namna inayotumika sana kwenye gitare hizi: do, mi, sol, la, do, mi. Angalieni ujanja wake. Nyuzi tatu kubwa, do-mi-sol, ni akordi ya kuchangamka. Tatu ndogo, la-do-mi, ni ya huzuni. Chuma kikiwa mbali, muko kwenye do. Kikiwa kwenye mstari wa tano ni fa, kwenye wa saba ni sol. Na do, fa, sol, ndiyo nusu ya rumba na karibu nyimbo zote za kwaya. Neno moja tu la kuzingatia: chuma kikae juu ya mstari wenyewe, wima kabisa juu yake, si nyuma yake kama kidole kwenye gitare ya kawaida. Kikikosa kidogo, sauti inakosa. Hapa sikio ndilo linalofanya kazi ya vyuma vya shingo, na linahitaji miezi, si siku.

Juu ya bei, pataneni mapema na muandike kwenye karatasi: mbao mbalimbali, kazi mbalimbali, vyuma mbalimbali. Toeni nusu fundi akianza, nusu gitare ikisha imba mbele yenu. Atakayetaka yote kwanza, muagane naye kwa heshima.

Gitare ya yaya ilitoka karakanani siku ya posho, kilo mbili na kidogo, bila rangi, imepakwa mafuta tu. Matundu ya misumari ya meza bado yanaonekana kwenye ubavu. Fundi alitaka kuyaziba, yaya akakataa. Kwaya haijamrudisha bado. Mwongozaji anasema sauti ile inafunika waimbaji wa kike, na tukisema ukweli, wiki ya kwanza ilikuwa inafunika hata mbwa wa jirani. Sasa anajifunza kuchuna taratibu. Kwenye karakana ya Mudzipela kuna karatasi nyingine mbili zenye mikono iliyochorwa. Moja ni ya kijana wa Iga Barrière, mkono wa kuume. Nyingine ni ndogo sana, ya mtoto wa kike wa yaya, vidole vyote vitano.