Kinyozi Hajinyoi: Mbunge Mwenye Hisa Anapohoji Kodi za Wenye Kampuni

Tarehe 12 Novemba 2012, wawakilishi watatu wa kampuni kubwa za kimataifa waliketi mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza. Mmoja alitoka Starbucks, wauzaji wa kahawa; wa pili alitoka Amazon; wa tatu alitoka Google. Swali walilowekewa mezani lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: inakuwaje mnafanya biashara kubwa namna hii katika nchi yetu, na kodi mnayoilipa ni ndogo namna hii?

Aliyekuwa akiongoza kikao hicho ni Bibi Margaret Hodge, mbunge wa chama cha Labour na mwanamke wa kwanza kuiongoza kamati hiyo, ambayo ilianzishwa mwaka 1861. Aliwaambia wageni wake waziwazi kwamba hawatuhumu kuvunja sheria, bali anawatuhumu kukosa uadilifu. Wananchi wengi walifurahi. Hatimaye, walisema, amepatikana mtu wa kuwakabili wakubwa hawa bila ya woga.

Mwezi huohuo, hata hivyo, magazeti ya nchi hiyo yalimgeuzia mwulizaji swali lake mwenyewe.

Ndugu msomaji, kisa hiki tumekichagua kwa sababu kinatufundisha jambo ambalo nasi linatuhusu: nini hutokea pale anayekagua hesabu za wengine anapokuwa na fungu lake katika biashara ya namna hiyohiyo. Wenye sheria huliita jambo hili mgongano wa maslahi. Wazee wetu walilisema kwa maneno mawili: kinyozi hajinyoi.

Kodi inavyopungua bila ya sheria kuvunjwa

Kwanza tuelewe lililokuwa likihojiwa. Shirika la habari la Reuters lilikuwa limeeleza, mwezi mmoja kabla ya kikao kile, kwamba tangu Starbucks ifungue maduka yake Uingereza mwaka 1998 ilikuwa imeuza bidhaa za zaidi ya paundi bilioni 3, na kodi ya mapato iliyolipa katika muda wote huo ilikuwa paundi milioni 8.6 tu.

Njia iliyotumika haikuwa ya wizi wa usiku. Tawi la Uingereza lilikuwa likilipa mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo kwa kampuni dada iliyoko Uholanzi, kwa ajili ya kutumia jina na utaalamu wa Starbucks. Kahawa yenyewe ilinunuliwa kupitia kampuni dada nyingine iliyoko Uswisi, ambayo iliongeza faida yake juu ya bei. Mikopo nayo ilitoka ndani ya ukoo huohuo wa kampuni, ikalipiwa riba. Baada ya makato yote hayo, faida iliyobaki Uingereza ilikuwa ndogo au haikuwapo kabisa, na pasipo faida hapatozwi kodi ya faida. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake na wakili wake.

Swali linamrudia mwulizaji

Bibi Hodge alikuwa na hisa katika Stemcor, kampuni ya biashara ya chuma iliyoasisiwa na baba yake mzazi na kuongozwa na kaka yake. Gazeti la The Telegraph liliandika kwamba katika mwaka 2011 biashara ya kampuni hiyo nchini Uingereza ilifikia paundi bilioni 2.1, na kodi iliyolipwa huko ilikuwa paundi 163,000.

Tukipiga hesabu wenyewe, kodi hiyo haifiki paundi moja katika kila paundi 10,000 za mauzo. Kwa kipimo hichohicho, Starbucks aliyelaumiwa alikuwa amelipa takriban paundi 29.

Hapa uadilifu unatutaka tusimame kidogo. Kodi ya kampuni hutozwa juu ya faida. Haitozwi juu ya mauzo. Mfanyabiashara wa chuma hununua shehena kwa fedha nyingi na kuiuza kwa nyongeza ndogo, basi mauzo yake huonekana kama mlima na faida yake kama kichuguu. Hivyo ndivyo kampuni ilivyojitetea, na utetezi huo si wa kupuuzwa. Bibi Hodge naye alieleza kwamba hisa zake ni chache, kwamba hana kauli katika uendeshaji, na kwamba alihakikishiwa kuwa kodi inayostahili imelipwa.

Lakini hapo ndipo penye fundo. Hoja ya kwamba kodi isipimwe kwa mauzo ndiyo hiyohiyo ambayo kampuni zilizohojiwa zingependa kamati iikubali. Hakimu alijikuta akiomba kwa ajili ya ukoo wake uelewa ambao ukumbi wake haukuwa na subira ya kuwapa wengine. Je, alikuwa amefanya kosa la jinai? La. Hakuna aliyethibitisha hivyo. Lakini tangu siku ile kila aliyeitwa mbele ya kamati alikuwa na jibu mfukoni: tazameni kwanza nyumbani kwenu.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi Aprili 2015, gazeti la The Times liliandika kwamba mwaka 2011 alikuwa amepokea hisa zaidi ya 96,000 za Stemcor kutoka katika mfuko wa amana wa familia uliokuwa Liechtenstein, kupitia mpango wa serikali uliowaruhusu wenye mali huko kuziweka wazi kwa masharti nafuu. Bibi Hodge alisema kwamba mfuko ule hakuuanzisha yeye wala kuuendesha, na kwamba kodi yote ililipwa. Huenda ni kweli tupu. Hata hivyo, kwa mwananchi aliyekuwa akimsikiliza kwa miaka mitano akizikemea nchi za kufichia mali, habari hiyo ilikuwa baridi.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya chama kimoja. Mwezi Juni 2013, Waziri Mkuu David Cameron, wa chama cha Conservative, aliongoza mkutano wa mataifa manane tajiri huko Lough Erne, Ireland ya Kaskazini, na uwazi katika kodi ulikuwa miongoni mwa ajenda zake kuu. Mwezi Aprili 2016, baada ya kuvuja kwa Nyaraka za Panama, alikiri kwamba yeye na mkewe waliwahi kumiliki hisa katika mfuko wa uwekezaji wa Blairmore, ambao baba yake alishiriki kuuanzisha huko Bahamas, na kwamba waliziuza Januari 2010 kwa takriban paundi 31,500, kabla hajawa waziri mkuu. Fedha hizo si nyingi, naye alisema alilipa kodi ya gawio lake. Kilichomwumiza ni kwamba ofisi yake ilianza kwa kusema kuwa ni mambo ya faragha, na ukweli ukatoka kwa mafungu siku baada ya siku.

Yanatuhusu nini sisi?

Yanatuhusu sana. Jopo lililoongozwa na Rais mstaafu Thabo Mbeki lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha kutoroshwa isivyo halali, na kwamba sehemu kubwa hupitia katika miamala ya kibiashara. Nasi tuna Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyojengwa kwa mfano wa ile ya London. Wanaoketi humo ni binadamu wenye biashara, ndugu na marafiki.

Nchi yetu iliwahi kulitazama jambo hili kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali zake. Tulihama kutoka katika kukataza na kuingia katika kutangaza. Huenda tulikuwa na sababu; nchi haiwezi kuongozwa na mafukara peke yao. Lakini aliyeruhusiwa kumiliki kwa sharti la kutangaza hana udhuru akinyamaza.

Kisa cha Ibn Lutbiyyah wengi wetu tunakijua. Alitumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili: hili la umma, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alihoji hadharani kama angeliletewa zawadi hizo lau angelikaa nyumbani kwa wazazi wake. Kipimo hicho hakikusubiri ithibitike kwamba zawadi ile ilimpotosha. Kilitazama cheo, na kile ambacho cheo kilivuta.

Basi tunawaomba wawakilishi wetu mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Mbunge anayeketi kuihoji kampuni aseme mwanzoni, mbele ya wote, kama yeye, mwenzi wake au wazazi wake wana hisa, ajira au zabuni katika kampuni hiyo au katika biashara inayofanana nayo. Akiwa nayo, ampishe mwenzake aulize. Asisubiri gazeti limsemee.

Na sisi wananchi tunalo letu la kujichunga nalo. Aibu ya mwulizaji isitumike kuliua swali. Mwezi Desemba 2012, Starbucks waliahidi kulipa paundi milioni 20 katika miaka miwili iliyofuata, hata kama hesabu zao zisingeonyesha faida ya kutozwa kodi. Ahadi hiyo ilitokana na hasira za wateja na maswali ya kamati ileile ambayo mwenyekiti wake alikuwa na hisa za chuma. Swali lilikuwa la haki. Lingekuwa na nguvu zaidi lau aliyeliuliza angelianza kwa kujinyoosha mwenyewe.