Matanga Kabla ya Mauti

Oktoba 2022 habari moja ilizunguka dunia nzima: Decentraland, mji wa mtandaoni uliokuwa ukithaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni moja, ulikuwa na watumiaji 38 tu kwa siku. Miezi 11 kabla yake, kiwanja kimoja cha mji huohuo kilikuwa kimenunuliwa kwa takriban dola milioni 2.4, na Barbados ilikuwa imetangaza kufungua ubalozi humo. Sasa wakazi wote wangetosha kwenye basi moja dogo, na siti zisijae. Wahariri hawakuhitaji zaidi ya hapo. Kichwa cha habari kilijiandika chenyewe.

Idadi ile ilitoka DappRadar, kampuni iliyokuwa ikifuatilia miamala ya sarafu za kidijitali. Ilichohesabu ni pochi za kidijitali zilizonunua, zilizouza au zilizosajili kitu ndani ya saa 24. Mtu aliyeingia, akatembea mitaani kwa umbo lake la kuchora, akapiga soga na wenzake kisha akatoka, hakuwamo kwenye hesabu. Wenye mji walijibu kwamba kwa wastani walipata watu 8,000 hivi kwa siku. Kwa mji wa thamani ile, 8,000 ni wachache mno, na hoja ya kwamba umefifia inasimama. Hata hivyo ni zaidi ya mara 200 ya 38. Jibu lao lilichapishwa, ila halikusafiri mbali kama tuhuma.

Ni rahisi kuwalaumu waandishi kwa haraka yao. Lakini tatizo lilianza zamani, wakati miji hii ilipokuwa ikipanda chati, maana idadi zilizotumika kuitukuza zilipotosha sawa na zile zilizotumika baadaye kuizika.

Chukua Second Life, mji wa mtandaoni uliofunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Kwa miaka mitatu ya mwanzo ulijulikana kwa wachache. Mei 2006 jarida la BusinessWeek likaupeleka ukurasa wa mbele, likiwa na sura ya kuchora ya Anshe Chung, mfanyabiashara wa viwanja vya humo. Oktoba mwaka huohuo shirika la habari la Reuters likafungua ofisi ndani ya mji wenyewe na kumpa mwandishi wake, Adam Pasick, kazi ya kuripoti kutoka huko. Kampuni za nguo, magari na vinywaji zikajenga maduka. Mwaka 2007 Maldives na Sweden zikafungua balozi. Kila habari ilibeba idadi ya wakazi: kwanza milioni moja, na kabla mwaka 2006 haujaisha, milioni mbili.

Desemba 2006 mchambuzi wa Marekani Clay Shirky alihoji wakazi hao walikuwa ni nani. Aligundua kwamba aliyejiandikisha mara moja, akazungukazunguka kidogo na asirudi tena, alihesabiwa mkazi sawasawa na aliyeingia kila usiku. Walio wengi walikuwa wa kundi la kwanza. Kwa mtindo huo, kila msafiri aliyewahi kushuka stendi ya Korogwe kunywa maji angeandikwa mwenyeji wa Korogwe hadi kufa kwake. Takwimu ya namna hiyo haijui kushuka. Ndiyo maana, upepo ulipogeuka, ilibidi itafutwe takwimu nyingine.

Upepo uligeuka katikati ya 2007. Jarida la Wired liliandika jinsi kampuni za matangazo zilivyopoteza mamilioni kwenye mji uliokuwa mtupu, na maduka makubwa yakaanza kufungwa. Reuters nayo ikafunga ofisi yake, na Juni 2010 Linden Lab ikapunguza karibu theluthi ya wafanyakazi. Kuanzia hapo, kila Second Life ilipotajwa magazetini, ilikuwa kama mfano wa upuuzi uliopita.

Lakini rekodi ya watu waliokuwa ndani ya Second Life kwa wakati mmoja, karibu 88,000, iliwekwa mwanzoni mwa 2009. Wakati huo magazeti yalikuwa yameshauzika mji huo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ulipotimiza miaka kumi mwaka 2013, Linden Lab ilisema takriban watu milioni moja walikuwa bado wanaingia kila mwezi, na kwamba wakazi walikuwa wameuziana vitu vya jumla ya dola bilioni 3.2 tangu mwanzo. Juni 2023 ulisherehekea miaka 20. Umepungua, tena sana, lakini unaendesha maisha yake: washonaji wa nguo za kuchora, wapangishaji wa nyumba, vikundi vya walemavu wanaokutana humo kwa urahisi kuliko mtaani. Kampuni zilizokwenda kutafuta wateja ziliondoka, na waliokwenda kutafuta wenzao wakabaki. Maduka matupu ya kampuni hizo ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa waandishi kwamba mji umekufa.

Ukilitazama kutoka kata ya Dindira, jambo hili lina sura ya kawaida kuliko linavyoonekana. Kata hii iko milimani, upande wa chai wa Wilaya ya Korogwe. Chini yake ni nchi ya mkonge, zao ambalo habari za kuanguka kwake zimeandikwa kwa zaidi ya nusu karne. Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge Tanga mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani 230,000 hivi na kuongoza dunia. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 Serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba bila fedha wala mameneja wa kuyaendesha katika soko lililokuwa likisinyaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takriban tani 20,000, chini ya moja ya kumi ya kilele.

Tani zilisema kweli kuhusu biashara ya mkonge. Hazikusema chochote kuhusu watu. Manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji, wengi wao kupitia SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, hawakufungasha wote na kurudi kwao korona, mashine za kuchambua nyuzi, ziliponyamaza. Walioa, wakazaa, wakalima mahindi kwenye mashamba yaliyoachwa. Kambi zikawa vijiji. Mwandishi aliyekuja na hesabu ya tani aliona anguko tupu, kumbe aliyetembea kambini aliona anguko na, kando yake, jamii iliyokuwa ikijipanga upya. Leo mkonge umo kwenye orodha ya Serikali ya mazao ya kimkakati, na wakulima wadogo wanaupanda. Tani 230,000 zimebaki historia, ila zao halikufa.

Mlinganisho huu una mpaka, na mpaka wenyewe ndio kiini cha hoja yangu. Manamba alibaki kwa sababu palikuwa na ardhi. Hata hati ya shamba iwe ya nani, udongo ulikuwepo, mvua ilinyesha, na jembe halikuhitaji ruhusa ya makao makuu. Mji wa mtandaoni hauna udongo. Unaishi kwenye kompyuta za mwenye kampuni, na siku akizizima, hakuna wa kubaki nyuma akalima.

Tazama miji ya mtandaoni iliyokufa kweli. Google ilifungua Lively Julai 2008 na kuifunga Desemba 31 mwaka huohuo. Microsoft iliinunua AltspaceVR mwaka 2017 na kuifunga Machi 10, 2023. Hakuna kati ya hiyo uliokufa kwa sababu mtu wa mwisho aliaga. Yote ilifungwa na mwenye ufunguo baada ya kuangalia vitabu vyake, na waliokuwemo wakapewa tarehe ya kuondoka. Kwa hiyo idadi ya watu, ambayo magazeti yanaishupalia, haitabiri kifo vizuri. Mji wenye watu wachache waaminifu na mmiliki anayepata faida ndogo unaweza kuishi miaka 20, na wenye watu wengi zaidi unaweza kufungwa kwa barua moja.

Kwetu ufunguo umewahi kushikwa na mkono mwingine pia, wa Serikali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa kulipia leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, ya kuanzia na ya mwaka, ilifika shilingi milioni 2.1. Waandishi waliokuwa wakiandika kwa mapenzi, bila kipato, walinyamaza. JamiiForums, lililoanzishwa mwaka 2006 na kuwa baraza kubwa kuliko yote la Kiswahili, lilijizima kwa muda Juni 2018. Mchambuzi atakayetazama grafu ya blogu za Kitanzania miaka 50 ijayo ataona mteremko mkali, na asipojua kanuni hizo ataandika kwamba Watanzania walichoka kusoma. Kufifia kwa mvuto na kubanwa na sheria huacha alama moja kwenye grafu.

Wimbi la mwisho la miji hii lilikuwa la Facebook, iliyojibatiza jina la Meta Oktoba 2021 na kutangaza kwamba mustakabali wa intaneti ungeishi ndani ya miwani. Afrika haikuachwa nyuma: Februari 2022 kampuni ya simu ya MTN ilinunua viwanja 144 katika Ubuntuland, mji wa mtandaoni wa Kiafrika uliobuniwa Afrika Kusini. Mwaka haukuisha. Oktoba 2022 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba Horizon Worlds, mji wa Meta, ulikuwa na watumiaji pungufu ya 200,000 kwa mwezi, wakati lengo la 500,000 lilikuwa limeshushwa hadi 280,000. Kitengo cha Meta kinachoshughulikia miwani na miji hiyo kilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka ule. Novemba 29 Umoja wa Ulaya ulifanya sherehe ya vijana katika ukumbi wa mtandaoni uliogharimu euro 387,000, ili kutangaza mpango wake wa uwekezaji unaogusa pia Afrika. Mwandishi mmoja aliyehudhuria alieleza kwamba alikuta watu wachache tu, kisha akabaki peke yake. Kesho yake, Novemba 30, ChatGPT ikafunguliwa kwa umma. Waandishi wakahamia huko wote kwa pamoja, na miji ya mtandaoni ikabaki bila hata wa kuisema vibaya.

Katika mafuriko hayo ya habari za hasara za Meta, kurasa za biashara zilieleza bei ya hisa kwa kina. Miezi michache baadaye, Machi 2023, wafanyakazi 43 waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook kutoka Nairobi, chini ya mkandarasi, walifungua kesi Kenya kupinga kuachishwa kazi. Habari yao iliandikwa kwenye kurasa nyingine, kana kwamba ni ya kampuni nyingine. Hilo ni kosa la pili la uandishi wa anguko, baada ya lile la idadi: hutazama kutoka kwenye kiti cha mwekezaji na kumhesabu yeye kuwa ndiye aliyepoteza.

Magazeti yetu ya Kiswahili hupokea habari hizi zikiwa zimepikwa na mashirika ya nje, na mara nyingi kazi inayobaki ni kuzifasiri. Hapo ndipo mhariri anapaswa kuongeza maswali manne kabla hajachapa. Idadi hii imehesabu nini hasa: waliojiandikisha, walioingia, au walionunua? Walioondoka ni akina nani, na wamekwenda wapi? Waliobaki wanapata nini kinachowafanya wabaki? Na la mwisho, ambalo habari za nje huliruka: ni nani anaweza kuufunga mji huu kesho, na akiufunga, wenyeji wataondoka na nini mkononi?

Swali hilo la mwisho linamhusu hata asiyewahi kuvaa miwani ya Meta. Dada anayeuza vitenge kwa Instagram kutoka Korogwe, kijana anayetafutia wateja magunia ya machungwa ya Handeni kwenye kundi la WhatsApp, mwalimu mwenye wafuasi wake YouTube, wote wamejenga kwenye kiwanja cha mtu. Mitandao hiyo nayo siku moja itafifia, na magazeti yatatangaza matanga yake mapema kama kawaida, kwa idadi ya kutisha na picha ya ukumbi mtupu. Mwenye biashara asiitumie habari hiyo kupima hatari yake. Akipime kile alicho nacho nje ya mtandao: namba za simu za wateja wake alizoziandika mwenyewe, picha za bidhaa alizohifadhi kwake, jina linalojulikana sokoni. Akiwa navyo, mtandao ukifungwa atahama na wateja wake. Asipokuwa navyo, wingi wa watumiaji hautamsaidia siku mwenye ufunguo atakapoamua.