Treni ya Pili na Haki ya Msafiri wa Njiani

Watu wa gombolola ya Mella, katika wilaya ya Tororo, pale Uganda inapopakana na Kenya, wamekuwa majirani wa reli kwa karibu miaka mia moja. Kwani njia ile iliyopanda kutoka Nakuru hadi Eldoret, ikavuka mpaka penye Malaba na kuingia Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, ndiyo iliyofika Kampala mwaka 1931, na ni Tororo hiyo hiyo iliyotoa tawi la kwenda Mbale na Soroti. Lakini ujirani na reli ni jambo moja, na kusafiri kwa reli ni jambo jingine. Tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, na shirika lake moja la reli likagawanyika mafungu matatu, huduma ya abiria mpakani ilififia mwaka hata mwaka, na leo kinachopita ni shehena za makontena na mafuta, ilhali mwenyeji mwenye safari ya Nairobi hana budi kwenda kulitafuta basi barabarani.

Sasa matumaini yamefufuka. Mwezi Oktoba 2024 serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 baina ya Malaba na Kampala, na tangu hapo swali lililo midomoni mwa watu ni hili: treni itafika lini? Ni swali la haki. Hata hivyo, liko swali la pili lenye uzito sawa, ambalo aghalabu husahauliwa mpaka ratiba ikiwa imekwisha kubandikwa ukutani, nalo ni hili: treni hiyo itapita mara ngapi kwa siku, na itasimama wapi? Ili kulijibu hatuna haja ya kwenda mbali, maana jirani zetu wa Kenya walikwisha lipitia jambo hili baina ya Mombasa na Nairobi, na yaliyowapata yana mafunzo tele.

Reli ya kisasa ya Kenya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni yake ya abiria ikapewa jina la Madaraka Express. Treni ya zamani iliyokuwa ikikesha njiani usiku kucha ilikuwa imefanya safari yake ya mwisho mwezi Aprili mwaka huo huo. Hii mpya ikaja na safari ya saa tano hivi, na nauli ya shilingi 700 kwa daraja la kawaida, ambayo ilikuwa chini ya nauli za mabasi mengi. Basi watu waliikimbilia kwa wingi usio kifani, tiketi zikawa zinakwisha siku nyingi kabla ya safari, na katika mwaka wa kwanza abiria waliobebwa walizidi milioni 1. Ndipo mwezi Novemba 2017 Shirika la Reli la Kenya lilipoongeza treni ya pili ya kila siku, iliyosimama katika stesheni za katikati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River.

Mtu asiyezizoea kazi za reli huenda akadhani kwamba treni ya pili ni nyongeza ya viti tu, yaani abiria elfu wakawa elfu mbili, na hesabu ikaishia hapo. Sivyo. Treni ya pili hubadilisha tabia ya njia nzima. Maadamu treni ni moja, mwenye reli hulazimika kuchagua baina ya kwenda mbio na kusimama: akisimama kila mji, wasafiri wa mbali hulalamika kwamba wanacheleweshwa, na asiposimama, miji yote ya katikati hubaki kuitazama treni ikipita. Zikiwa mbili, moja huwatumikia wenye haraka na nyingine ikawaokota watu wa njiani. Mpango huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki; TAZARA, iliyounganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa njia ya kilomita 1,860, imekuwa na treni ya haraka iitwayo Mukuba na ya kawaida iitwayo Kilimanjaro, kila moja na wateja wake.

Faida ya pili ni ya saa. Tuseme treni ni moja tu kwa siku, nayo huondoka saa mbili asubuhi. Msafiri ambaye shughuli zake zingemfaa aondoke wakati mwingine hana hiari ila kuivuta safari yake nyuma au kuisukuma mbele, hata pengine kwa saa 12; na tukiwachukua wasafiri wote pamoja, wenye haja za saa mbalimbali usiku na mchana, wastani wa usumbufu huo ni saa 6. Ikiongezwa treni ya pili, saa 12 baada ya ile ya kwanza, usumbufu mkubwa kabisa hushuka hadi saa 6, na wastani wake hadi 3. Ikiongezwa ya tatu kwa kuzigawanya saa vivyo hivyo, wastani hushuka hadi saa 2 tu. Yaani treni ya pili imempunguzia msafiri saa tatu nzima, na ile ya tatu saa moja. Kwa hiyo katika nyongeza zote zinazoweza kufanywa, hii ya pili ndiyo yenye baraka kubwa kuliko zote. Lakini sharti lake ni kwamba saa zigawanywe kwa insafu, kwa kuwa treni mbili zinazofuatana asubuhi hiyo hiyo humwacha mwenye safari ya jioni pale pale alipokuwa.

Tena kuna jambo la mabehewa, ambalo watu wa nje hawalioni. Safari moja kwa siku toka kila upande huhitaji treni mbili kamili: moja huondoka Nairobi asubuhi, nyingine Mombasa, zikapishana njiani, kila moja ikafika mchana, kisha zikalala ugenini bila kazi hadi kesho yake. Rasilmali ya fedha nyingi hukaa imezimwa saa kumi na nane katika kila ishirini na nne. Ikiwekwa safari ya alasiri, ile iliyofika saa nane mchana hufagiliwa, hujazwa maji, hubadilishiwa wahudumu, ikaondoka saa tisa na kufika nyumbani usiku. Kwa mabehewa yale yale, idadi ya safari imekuwa maradufu. Ila kila neema ina masharti yake: nafasi ya kupumua imekwisha, na iwapo treni ya asubuhi imechelewa saa mbili kwa hitilafu, abiria wa alasiri ambao hawakuwa na hatia nao watachelewa, na mafundi waliokuwa na mchana mzima wa kukagua magurudumu na breki sasa wamebakiwa na usiku.

Mzigo ulio mzito kuliko yote huangukia njia yenyewe, kwa sababu reli hizi zetu aghalabu ni za njia moja, ambayo treni za kwenda na za kurudi huitumia kwa zamu, zikipishana katika stesheni zenye njia ya kando. Na tuliangalie jambo hili kwa karibu. Katika reli ya Mombasa na Nairobi, yenye urefu wa kilomita 472, treni ya abiria imetengenezewa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na ya mizigo 80. Treni ya mizigo ikiondoka bandarini saa moja kabla ya ile ya abiria, na zote zikienda kwa mwendo wao kamili, itakuwa mbele kwa kilomita 80. Lakini kila saa ipitayo ile ya nyuma huikaribia kwa kilomita 40, na baada ya saa mbili, pande za Mtito Andei, imeifikia kabisa. Hapo ile ya mizigo, yenye makontena marefu nyuma yake, sharti iwe imekwisha ingizwa njia ya kando na kusimama, mtu wa taa amhakikishie dereva wa abiria kwamba njia ni nyeupe, treni ya abiria ipite kwa kishindo, kisha shehena ile nzito ianze upya kujikokota mpaka ipate mwendo. Dakika zilizopotea hapo ni fedha, na mizigo ndiyo inayotegemewa kulipa deni la reli. Usafirishaji wa makontena kwa reli hiyo ulianza Januari 2018, miezi michache tu baada ya treni ya pili ya abiria, na tangu hapo mtunga ratiba amekuwa kama kadhi baina ya warithi wawili wa shamba moja.

Fauka ya hayo, treni ya pili huwagusa wasioipanda. Wenye mabasi ya barabara ya Mombasa walilalamika kwamba abiria wao wametekwa, na mchuuzi aliyeishi kwa kuwauzia wasafiri chai na mahindi ya kuchoma penye kituo cha basi hupungukiwa riziki basi linapopungua. Kwa upande wa pili, penye stesheni huzuka riziki mpya, kwa dereva wa teksi, mwenye nyumba ya wageni, na kijana wa bodaboda. Riziki hiyo ni kubwa zaidi treni inapokuja mara mbili, kwani mtu hawezi kufungua mgahawa kwa ajili ya dakika tano za siku. Nauli nayo haikusimama: ile ya daraja la kawaida ilifika shilingi 1,000, na tangu Januari 2024 ikawa 1,500. Wingi wa safari peke yake hauhifadhi urahisi wa nauli, na mnyonge asiposemewa husahauliwa.

Wala mtu wa njiani asidhani kwamba treni moja yenye kusimama kwake imemtimizia haja. Mgonjwa wa Voi anayetaka kumwona daktari Mombasa, ikiwa treni inayosimama kwao humfikisha mchana, na ile ya alasiri ni ya wenye haraka isiyomjali, atalala Mombasa, na gharama ya kulala itazidi nauli. Treni ya pili huwa na maana kwake pale tu inapomwezesha kwenda na kurudi. Kadhalika umbali wa stesheni: abiria wa Nairobi hushuka Syokimau na wa Mombasa Miritini, mbali na katikati ya mji, hata saa iliyookolewa relini huweza kupotea katika matatu.

Haya yote yanarudi Mella na vijiji vya mpakani. Reli ya kisasa ya Kenya ilifika Naivasha mwaka 2019, na baina ya hapo na Malaba pana safari ndefu ya ujenzi. Lakini ramani ndiyo huchorwa kwanza, na njia ya kando isiyotiwa katika ramani leo huwa ni mamilioni ya ziada kesho. Wenyeji wa Tororo na Busia wanapoitwa katika mabaraza, wasiulize habari za fidia ya mashamba peke yake, ijapokuwa fidia ni haki yao. Waulize kama kutakuwa na stesheni za kupishana zenye kutosha treni mbili za abiria pamoja na mizigo. Waulize kama moja ya treni hizo itasimama kwao, na saa ngapi. Waulize kama ukaguzi wa mpakani utafanywa ndani ya mabehewa wakati treni inakwenda, maana tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho, na itakuwa hasara kubwa kuokoa saa tatu relini na kuzirejesha kwenye foleni ya Malaba.

Reli hujengwa mara moja katika maisha ya vizazi viwili au vitatu, na fedha zake hulipwa na wote, aliye mjini na aliye shambani. Treni moja kwa siku itaziunganisha Kampala na Nairobi. Treni ya pili, ikiwekewa saa yake na vituo vyake, ndiyo itakayoziunganisha Mella, Malaba na Tororo na ulimwengu huo wote. Basi wanaoahidi reli waahidi na ratiba, nasi tuidai ratiba hiyo mapema, kabla kokoto hazijamwagwa.