Manowari au Chombo cha Utafiti? Ubishi Usiokwisha Juu ya Star Trek

Ubishi wa mashabiki wafanana sana na ubishi wa askari bwenini: taa zikizimwa hunyamaza, na kesho yake huanza pale pale ulipoachwa. Ndivyo ulivyo ubishi juu ya Star Trek, michezo ya televisheni ya Kimarekani isimuliayo safari za chombo cha angani kiitwacho Enterprise katika karne ya 23. Mchezo wa kwanza ulionyeshwa na shirika la NBC tarehe 8 Septemba 1966, na wa mwisho, ambao ni wa 79, ulionyeshwa Juni 1969. Miaka mitatu tu, lakini watazamaji wake wangali wakibishana mpaka leo.

Watazamaji hao si wa kuchezewa. Uvumi ulipoenea kwamba michezo hiyo ingekatizwa, mashabiki waliandika maelfu ya barua, na Januari 1968 wanafunzi wa chuo kimoja cha sayansi cha California waliandamana hadi kwenye majengo ya NBC. Machi mwaka ule ule shirika likatangaza hewani kwamba michezo itaendelea. Mwaka 1976 barua za mashabiki zilifika hata kwa Rais Ford, na chombo cha kwanza cha majaribio cha Marekani cha aina ya shatoli kikapewa jina la Enterprise.

Hoja zao ni nyingi. Wapo wabishanao kama nahodha bora ni Kirk wa mwaka 1966 au ni Picard wa michezo mipya iliyoanza mwaka 1987. Wapo wanaodharau msimu wa tatu wa michezo ya kwanza, na hapo hatuna la kuwapinga. Lakini iko hoja moja ambayo sisi tuvaao sare twaweza kuichangia kwa haki: je, Starfleet, yaani lile kundi la vyombo ambalo Enterprise ni kimojawapo, ni jeshi au si jeshi?

Wasemao si jeshi wana ushahidi wao. Kazi ya Enterprise ni kutafiti sayari zisizojulikana na kuonana na viumbe wapya. Nahodha Picard, katika mchezo mmoja wa mwaka 1989, atamka waziwazi kwamba Starfleet si chombo cha kijeshi. Gene Roddenberry mwenyewe, aliyeibuni hadithi hii, alilalamika filamu ya mwaka 1982 ilipoyatia mambo yote sura ya manowari, na sare zake, na filimbi zake za kupandishia wakubwa melini.

Wasemao ni jeshi nao hawakosi la kujibu. Vyeo vimo, kuanzia luteni hadi amirali. Saluti haipigwi, kweli, lakini amri hutolewa na hutiiwa. Mahakama ya kijeshi imo: katika mchezo mmoja wa Februari 1967 Kirk mwenyewe ashitakiwa kwa kusababisha kifo cha mtu wake. Silaha zimo, tena za kuharibu mji mzima. Na huyo Kirk huwapa wabishi wa pande zote mbili risasi za kutosha, kwani katika mchezo wa mwaka 1967 ajiita askari, na katika mwingine wa mwaka 1969 asema kwamba sasa yeye kwanza ni mpelelezi wa nchi mpya. Kila upande hunakili mstari wake na kuusahau wa pili.

Sisi twaona kwamba ili kuijua nyumba, yafaa kumtazama aliyeijenga. Roddenberry alikuwa rubani wa ndege za mabomu aina ya B-17 katika Vita vya Pili vya Dunia, huko Bahari ya Pasifiki, akaruka mara 89 vitani. Mwaka 1943 ndege aliyoiendesha ilishindwa kuruka, ikaanguka, na watu wawili katika kundi lake wakafa. Baada ya vita, mwaka 1949, alijiunga na polisi ya Los Angeles, akatumikia hadi mwaka 1956, akafikia cheo cha sajini, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kumwandikia mkuu wa polisi hotuba. Basi ndugu zetu wa polisi wasidhani kwamba habari hii ni ya wanajeshi peke yao.

Tena mtazameni James Doohan, aliyecheza sehemu ya Scott, mhandisi mkuu wa mitambo. Huyu alikuwa luteni wa mizinga katika jeshi la Kanada, akatua pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944. Usiku wa siku ile, akirudi kituoni kwake, mlinzi wa upande wake mwenyewe aliingiwa na hofu akampiga risasi sita. Moja ilizuiwa na kikebe cha sigara kilichokuwa kifuani. Nyingine ilimkata kidole cha kati cha mkono wa kulia. Katika michezo ile aghalabu alikificha kiganja hicho kamera isikione. Kila aliyewahi kushika zamu ya usiku anaijua hofu ya mlinzi yule.

Hukumu yetu, basi, ni kwamba Starfleet ni jeshi, ila ni jeshi ambalo bunduki si kazi yake ya kwanza. Na ukiliondolea ujeshi, hadithi zenyewe zapoteza uzito, kwa sababu mtu asiyefungwa na amri hana cha kuvunja na hana cha kujibu.

Tukisema ni jeshi haina maana kwamba twasifu kila lifanywalo. Liko kosa moja ambalo mwanafunzi wa kadeti wa muhula wa kwanza angepewa sifuri kwa kulitenda. Enterprise ikifika kwenye sayari ngeni, nani hutumwa chini kuipeleleza? Hushuka nahodha, na msaidizi wake, na daktari mkuu wa chombo, wote kwa pamoja, pamoja na askari mmoja au wawili wavaao fulana nyekundu ambao majina yao hatuambiwi. Aghalabu hao wa nyekundu ndio wafao kabla ya tangazo la kwanza la biashara, na mashabiki wamefanya mzaha mkubwa juu yao. Sisi mzaha huo hautuchekeshi sana. Mwenye kikosi haongozi doria ya mbele akiwa na wasaidizi wake wote, kwani wakinaswa, chombo chenye watu zaidi ya 400 kitabaki na nani? Watunzi wenyewe walilitambua kosa hilo, ndiyo maana katika michezo iliyoanza mwaka 1987 msaidizi Riker humkataza Picard kushuka, na kwenda yeye.

Kwa upande mwingine, uko mchezo wa Januari 1967 uitwao "The Galileo Seven" ambao twaupendekeza kwa kila luteni mpya. Spock, mtu wa hesabu asiyeonyesha huzuni wala furaha, apewa kwa mara ya kwanza kuamuru kundi dogo. Chombo chao kidogo chaanguka kwenye sayari yenye majitu ya kutisha, na uzito ni mkubwa mno kuweza kuruka tena na watu wote. Kila uamuzi wake una mantiki; na kila uamuzi wawaudhi watu wake, mpaka waanza kumjibu kwa ukali. Wataka kumzika mwenzao aliyeuawa, naye aona mazishi ni kupoteza wakati. Hapo ndipo mashabiki hugawanyika. Wengine husema Spock alikuwa na haki na watu wake walikuwa watovu wa nidhamu. Wengine husema kamanda asiyejua kwa nini askari wataka kumzika mwenzao hajajua bado maana ya kuamuru. Sisi twasimama na hawa wa pili, ijapokuwa twakiri kwamba kujibizana na mkubwa mbele ya adui kungewafikisha mahakamani. Mwishoni Spock, bila uhakika wowote, ayamwaga mafuta yote yaliyosalia na kuyawasha angani, ili Enterprise iuone moto. Yauona. Yule mtu wa hesabu alicheza kamari, na wenzake hawakuacha kumkumbusha.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi tusemao Kiswahili. Afisa wa mawasiliano wa Enterprise ni Luteni Uhura, mwanamke Mwafrika, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina hilo latokana na neno letu uhuru. Nichols alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo, ihusuyo Kenya, na Roddenberry akalipenda neno. Irabu ya mwisho ikageuzwa ili lisikike laini masikioni mwao. Basi tumwie radhi kwa sarufi hiyo. Katika mchezo mmoja wa Septemba 1967 mtambo mwovu wafuta kumbukumbu yake yote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama, Kiswahili ndicho kimtokacho kinywani.

Wako mashabiki wasemao kwamba Uhura hakupewa kazi, eti alikuwa mshika simu tu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na Nichols mwenyewe aliihisi. Alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kujiuzulu, hadi alipokutana na Dakta Martin Luther King, naye akamsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakimwona mahali ambapo hawakupata kuonekana. Akabaki. Mwaka 1977 alifanya kazi na shirika la anga la NASA kuwahimiza wanawake na watu weusi wajiandikishe, na kundi la wanaanga 35 lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa la kwanza kuwa na watu hao. Lakini sisi tuna neno jingine kwa wasemao "mshika simu tu". Waulizeni askari wa mawasiliano wa kikosi chochote kile. Redio ikinyamaza, jemadari mwenye nyota zote mabegani ni mtu mmoja asimamaye msituni.

Tumeuacha mwisho ule mchezo uzushao ubishi mkali kuliko yote. Jina lake ni "A Private Little War", nao ulionyeshwa tarehe 2 Februari 1968, siku chache tu baada ya mashambulizi makubwa ya Tet huko Vietnam.

Kirk arudi kwenye sayari ambayo aliitembelea miaka 13 nyuma, angali luteni. Wakati ule watu wake walikuwa na pinde na mishale, na yeye aliandika ripoti kwamba waachwe walivyo. Hiyo ndiyo Amri Kuu ya Starfleet: usiingilie maendeleo ya watu wengine. Sasa akuta wanakijiji wana magobore, nao wawinda watu wa mlimani kama wanyama. Magobore hayo hayakubuniwa pale. Yameletwa kwa siri na Waklingon, adui wa Starfleet.

Afanye nini? Akiondoka, rafiki yake Tyree, kiongozi wa watu wa mlimani asiyetaka kuua, atakwisha pamoja na kabila lake. Akitumia silaha zake mwenyewe, ataivunja Amri Kuu na pengine ataanzisha vita vikubwa. Aamua njia ya tatu: kila gobore la bondeni lipate gobore la mlimani, si zaidi wala si pungufu. Daktari McCoy ashtuka, amwuliza vita hivyo vitakwisha lini. Kirk hana jibu, ila ataja vita vya bara la Asia katika karne ya 20, ambamo mataifa mawili makubwa yalisimama nyuma ya wadogo.

Mtunzi wa kwanza wa mchezo huo, Don Ingalls, alikuwa polisi mwenzake Roddenberry huko Los Angeles. Roddenberry aliuandika upya kwa namna ambayo Ingalls hakuridhika nayo, akaliondoa jina lake na kutumia la kubuni. Hivyo ubishi juu ya mchezo huu ulianza kabla haujaonyeshwa, baina ya marafiki wawili waliowahi kuvaa beji moja.

Mashabiki wamtetea Kirk kwa kusema kwamba hakuwa na njia iliyo safi. Wamlaumuo husema kwamba aliandika Vietnam ya pili kwa mkono wake. Sisi twakiri kwamba kila tutazamapo hubadili upande. Aliyewahi kukusanya bunduki vijijini, akahesabu kila moja na kuuliza imetoka wapi, ataona kwamba hakuna aliyeileta akakosa sababu nzuri ya kuileta. Wakati huo huo hatuthubutu kumwambia Tyree asubiri kwa pinde.

Mke wa Tyree auawa na wanakijiji. Tyree, yule aliyekataa kuua, ashika gobore na kudai mengine, mengi. Kirk aita chomboni, auliza mhandisi Scott atachukua muda gani kutengeneza magobore 100. Scott adhani hakusikia vizuri. Nahodha asema kwamba wamechoka, na aomba warudishwe juu.